Taka Zetu, Mikono ya Wenzetu



Ndugu msomaji, katika makala haya ninakualika tutafakari jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa la kifalsafa, wala la kiimani: wajibu wa kisheria wa kila kaya na kila biashara kutenganisha taka zake na kuzitupa panapostahili. Mimi ni jandokasisi wa miaka 25, niko katika masomo ya falsafa, na mwaka huu nimepewa dhamana ya usafi wa mazingira hapa seminarini. Asubuhi ninasoma Mtakatifu Thoma wa Akwino juu ya maana ya sheria. Mchana ninasimama mbele ya mapipa ya jikoni na kiroba cha chupa. Mwanzoni niliziona hizo kuwa kazi mbili tofauti, moja ya kichwa na nyingine ya mikono. Sasa naziona zinazungumzia jambo moja.

Sheria inasema nini?

Nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 4 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu hiki tunakipenda, na mtaro ukiziba mbele ya nyumba zetu tunakikumbuka upesi. Kifungu cha 6 ndicho tunachokiruka. Hicho kinasema kila mtu anayeishi Tanzania ana wajibu wa kuyalinda na kuyaboresha mazingira, na wa kutoa taarifa kwa mamlaka akiona shughuli inayoweza kuyadhuru. Aliyeandika sheria hakutenga watu wa haki upande mmoja na watu wa wajibu upande mwingine. Ni mtu yuleyule.

Sheria hiyohiyo inazipa serikali za mitaa kazi ya kusimamia taka ngumu, kuanzia kuzipunguza na kuzitenganisha pale zinapozalishwa hadi kuzifikisha mahali pake pa mwisho. Zipo pia Kanuni za taka ngumu za mwaka 2009, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka huohuo, inayoshughulika na uchafu unaoleta kero na magonjwa. Chini yake kuna sheria ndogo za halmashauri, na hizo ndizo zinazobisha hodi mlangoni kwako. Kwa kawaida zinakutaka uwe na chombo cha kuwekea taka, usafishe eneo linalozunguka nyumba au duka lako, ulipe ada ya uzoaji, na usitupe taka mtaroni, mtoni au kwenye kiwanja cha mtu. Taka hatarishi, kama zile za hospitali na mafuta machafu ya gereji, zina kanuni zake za peke yake na hazipaswi kuchanganywa na za kawaida.

Majirani zetu wa Kenya walikwenda hatua nyingine mwaka 2022 kwa kutunga sheria mahususi ya usimamizi endelevu wa taka. Inamtaka kila anayezalisha taka atenganishe zinazooza na zisizooza, tena inamtaka anayetengeneza bidhaa abebe jukumu la bidhaa hiyo hata ikishageuka taka.

Somo la mfuko wa rambo

Je, sheria inaweza kubadili tabia ya watu? Jibu tunalo, tumeliona kwa macho yetu. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini. Aliyekutwa nayo alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Nilikuwa kijana wa sekondari wakati huo na nakumbuka jinsi watu walivyosema haiwezekani. Nyama itabebwa na nini? Dagaa je? Baada ya wiki chache akina mama walikuwa wanakwenda sokoni na vikapu vyao, kama bibi zetu walivyofanya. Kweli, baadaye vifungashio vyembamba vilianza kutumiwa kama vibebeo, na wajanja hawakosi. Lakini ile mifuko iliyokuwa inapepea juu ya miti na kuziba mitaro ilipungua, kila mtu aliona.

Kwa nini basi wajibu wa kutenganisha taka haujashika kama marufuku ya rambo? Hapa ndipo Mtakatifu Thoma aliponisaidia. Anafundisha kwamba sheria ni mpango wa akili, unaolenga manufaa ya wote, unaotolewa na mwenye dhamana ya kuitunza jamii, na uliotangazwa. Nimepima wajibu wa taka kwa vipimo hivyo vinne. Akili ipo, kwa sababu taka zikichanganywa hata kile chenye thamani kinaharibika. Manufaa ya wote yapo, kwa sababu kipindupindu hakiulizi nani alilipa ada. Mwenye dhamana yupo, naye ni Bunge na halmashauri. Kilicholegea ni cha nne. Marufuku ya rambo ilitangazwa redioni, misikitini, makanisani, sokoni na kwenye mabasi. Sheria ndogo ya taka mara nyingi imebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, karatasi imefifia, na mwananchi anaijua siku anapoandikiwa faini.

Sisemi kwamba kutoijua sheria kunamwondolea mtu wajibu. Nasema kwamba anayetaka sheria itiiwe kwa moyo lazima aifikishe kwa watu kwa lugha yao, na kabla ya rungu.

Mkono unaoungoja mfuko

Kwa Mkatoliki wa Tanzania, Pugu ni jina la heshima. Pale ndipo ilipokuwa shule ya Mtakatifu Fransisko, ambako Mwalimu Julius Nyerere alifundisha hadi mwaka 1955. Kwa mkazi wa Dar es Salaam wa leo Pugu ina maana nyingine pia, yaani dampo la Pugu Kinyamwezi, zinakoishia taka za jiji ambalo Sensa ya 2022 ililikuta na watu zaidi ya milioni 5. Mama yangu mdogo anaishi upande huo. Kazi yake ni kuokota chupa za plastiki na makopo, kuvitenga, na kuviuza kwa kilo. Kwa kazi hiyo amesomesha watoto wawili, na mimi nilipoingia seminari begi langu la kwanza alininunulia yeye.

Miaka miwili iliyopita alifungua mfuko uliojaa mabaki ya wali na maganda ya machungwa. Ndani yake kulikuwa na sindano zilizotumika, na moja ikamchoma kwenye kidole. Mfuko ule ulitoka kwenye zahanati ambayo sitaitaja. Kila mhudumu wa afya anajua kwamba sindano ina boksi lake gumu, na kwamba haikai na taka za chakula. Mama mdogo alikwenda hospitali siku hiyohiyo, akaanzishiwa dawa za kinga za siku 28. Zilimtapisha, zikamlaza, na kwa mwezi mzima hakuingiza hata shilingi. Kisha akangoja miezi akirudia vipimo. Namshukuru Mungu, majibu yalikuwa mazuri. Lakini yeye anasema zile siku za kungoja zilikuwa ndefu kuliko ujauzito wowote aliobeba.

Nilipokwenda kumjulia hali wakati wa likizo, nilikuta hasira imeshapoa. Aliniambia, “Frateri mwanangu, huyo aliyetupa ile sindano hanijui, wala simlaumu kwa kutonijua. Lakini alijua taka lazima zishikwe na mtu. Hilo alilijua.”

Maneno hayo yamenifundisha zaidi ya mihadhara mingi. Tunapozungumzia wajibu wa taka huwa tunafikiri tunadaiwa na halmashauri. Halmashauri ni msimamizi tu wa deni. Tunayedaiwa hasa ni mtu anayefuata baada yetu: kijana wa guta, mama wa dampo, mtoto anayechezea jalalani. Mtakatifu Thoma anaiita haki fadhila inayomwelekea mwingine, inayompa kila mtu kilicho chake. Anayezoa taka zangu ana haki ya kutochomwa na kioo changu. Haki hiyo anayo hata kama sitamwona maisha yangu yote.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415, inaweka heshima kwa uumbaji chini ya amri ya saba, ile inayotukataza kuiba. Zamani nilijiuliza kwa nini. Sasa naona. Anayechoma plastiki jioni akaujaza mtaa moshi wenye sumu amechukua hewa isiyo yake. Anayemwaga taka mtoni amechukua maji ya mwenzake wa chini.

“Gari lenyewe linachanganya!”

Kila ninapozungumza na watu juu ya kutenganisha taka, hili ndilo jibu la kwanza: “Frateri, mimi nitenganishe, halafu gari linakuja linamwaga vyote pamoja. Ya nini kujisumbua?” Ni hoja nzito, na si ya uvivu tu. Inauliza swali la kweli: mwenye mamlaka asipotimiza sehemu yake, mwananchi bado anafungwa na sehemu yake?

Nimelifikiria sana, na ninaona majibu matatu. Kwanza, kabla ya gari kufika, mfuko wako mara nyingi umeshafunguliwa. Pale kizimbani kuna watu wanaotafuta chupa na vyuma chakavu. Ukitenga, umewapunguzia hatari na umewaongezea kipato, gari lichanganye lisichanganye. Pili, zaidi ya nusu ya taka za majumbani kwetu ni zile zinazooza: maganda ya ndizi, mabaki ya mboga, majani. Hizo hazihitaji gari kabisa kwa mwenye hata kipande kidogo cha ardhi. Zikienda dampo zinaozea chini ya mlundikano bila hewa na kutoa gesi ya methani, inayochangia kuongeza joto la dunia. Zikibaki nyumbani ni mboji. Tatu, kosa la mwenzako halifuti wajibu wako, bali linakuongezea mwingine, yaani wajibu wa kuuliza. Kifungu cha 6 nilichotaja kinakutaka utoe taarifa. Mkutano wa mtaa upo, mwenyekiti wa mtaa yupo, diwani yupo. Tunalipa ada ya taka kila mwezi, basi tuulize ada hiyo inafanya nini.

Hata hivyo lazima tuwe wakweli. Hakuna anayefungwa na lisilowezekana. Familia ya watu sita inayopanga chumba kimoja Manzese, bila ua, haiwezi kudaiwa iwe na mapipa matatu na shimo la mboji. Sheria inayomtoza faini mtu huyo kwa kukosa asichoweza kuwa nacho imepoteza akili yake, hata kama imepigwa mhuri. Kwake wajibu ni mdogo: afunge vioo na vitu vyenye ncha peke yake, atundike mfuko mmoja wa chupa ukutani, asimwage mtaroni. Kinachobaki ni cha mwenye nyumba na cha halmashauri.

Mwenye faida abebe na taka

Mtakatifu Thoma anasema pia kwamba sheria inaweza kuwa dhalimu hata ikiwa na lengo zuri, pale inapogawa mizigo bila uwiano. Hili linagusa biashara zetu moja kwa moja. Mama lishe mwenye meza mbili na hoteli yenye vyumba mia moja wote ni wafanyabiashara, lakini taka zao hazilingani, na uwezo wao haulingani. Mama lishe akiwa na ndoo mbili, moja ya makombo ya wafuga nguruwe na nyingine ya vingine vyote, ametimiza mengi. Hoteli inapaswa kuwa na utaratibu ulioandikwa, wafanyakazi waliofundishwa, na mzoaji anayeaminika ambaye hatamwaga taka zao korongoni usiku.

Gereji inayomwaga mafuta machafu ardhini inatia sumu kwenye kisima cha jirani. Fundi simu anayetupa betri jalalani anaacha kitu kinachoweza kuwaka moto au kuvuja sumu. Kinyozi anayetupa nyembe kwenye mfuko wa nywele anafanya kilekile ilichofanya ile zahanati. Na kiwanda kinachojaza maji kwenye chupa milioni, kikachukua faida na kuacha chupa zirudi kwa mama yangu mdogo, hakiwezi kusema kazi yake imekwisha chupa inapotoka getini. Ndiyo maana naona ile sheria ya Kenya imegusa jambo la haki: aliyefaidi mwanzo wa safari ya chupa asitoweke mwishoni mwake.

Kanisa na kutupa kwa heshima

Wengine husema haya ni mambo ya serikali, Kanisa lishughulikie roho. Lakini Kanisa limekuwa na utaratibu wa kutupa vitu kwa karne nyingi. Matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi hatuyatupi jalalani. Tunayachoma, na majivu yake tunapakwa Jumatano ya Majivu. Rozari iliyokatika au picha takatifu iliyochakaa huchomwa au kufukiwa ardhini. Maji yaliyooshea vyombo na vitambaa vitakatifu humwagwa mahali maalumu panapoelekea kwenye udongo, si kwenye karo. Kila frateri anayehudumia sakristia anajua haya. Tunajua kwamba namna unavyoachana na kitu inaonyesha ulivyokiheshimu.

Maandiko nayo hayakuona aibu kuzungumzia uchafu. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, Waisraeli wanaagizwa wawe na mahali nje ya kambi na chombo cha kuchimbia, wafukie kinyesi chao, kwa sababu Mungu anatembea kambini. Katika Injili ya Yohane sura ya 6, baada ya watu kushiba mikate, Bwana anaagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, na vinajaza vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate hakuona ruhusa ya kufuja mabaki yake. Na hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si’ ya mwaka 2015, namba 211, anataja kutenganisha taka waziwazi miongoni mwa matendo madogo ya kila siku ambayo yana thamani kubwa.

Ndiyo maana inauma kuona baadhi ya parokia, baada ya sherehe ya somo wao, uwanja umetapakaa chupa na sahani za plastiki, kisha jioni vyote vinachomwa nyuma ya kanisa. Mbele ya sheria parokia nayo ni mzalishaji wa taka. Seminari pia.

Tunachofanya hapa

Hapa seminarini hatujafika mbali, lakini tumeanza. Makombo ya chakula yanakwenda kwa nguruwe. Maganda na majani yanakwenda kwenye shimo la mboji, na mboji inarudi kwenye migomba. Chupa na makopo vinakaa kwenye kiroba, na kijana mmoja wa guta anavifuata kila baada ya wiki mbili. Vioo vilivyovunjika tunavifunga kwenye boksi na kuandika “VIOO” kwa herufi kubwa. Betri za tochi tunazihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, na hizo bado zinatungoja, kwa sababu hatujapata mahali panapofaa pa kuzipeleka. Toroli za taka zinazokwenda jalalani zimepungua kutoka sita kwa wiki hadi mbili.

Mwenzangu mmoja aliniuliza kwa utani, “Frateri, tumekuja kusomea upadre au kuokota makopo?” Tulicheka. Kisha nikamwambia kwamba siku moja, Mungu akipenda, tutahubiri juu ya jirani. Ni vizuri tuwe tumeshajizoeza kumfikiria jirani tusiyemwona. Aristotle anafundisha kwamba fadhila hazitujii kwa kusikiliza mihadhara, zinatujia kwa kutenda mara nyingi, na kwamba mtunga sheria mwema huwazoeza raia kutenda mema. Ndivyo ninavyoiona sasa sheria ya taka. Mwanzoni tunatii kwa kuogopa faini. Tukizoea, mkono unatenga wenyewe, na siku moja tunagundua kwamba hatuogopi faini tena, tunamwogopea mtu.

Ndugu msomaji, nakuomba mambo matatu. Wiki hii uliza kwenye ofisi ya mtaa au kata sheria ndogo ya taka ya halmashauri yako inasema nini, uisome, na uwasomee wa nyumbani. Anza na ndoo mbili, ya kinachooza na ya kisichooza, na chochote chenye ncha kifunge peke yake. Kisha lilete jambo hili kwenye Jumuiya yenu Ndogo Ndogo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunapofanya usafi wa pamoja, msiishie kufagia. Kubalianeni mtaa mzima nani atachukua chupa, nani ana nguruwe wa kula makombo, na nani atakwenda kumwuliza diwani habari za gari.

Na unapofunga mfuko wako wa taka, muombee kimoyomoyo yule atakayeufungua. Mungu awabariki wote wanaoishi kwa kazi hiyo.